Kiti cha Nyuma cha Staleti

Gerezani, Dar es Salaam
4 Februari 2024

Shemegi Nassor,

Assalaam alaykum. Mie mzima, na mtu wa huku akikwambia mzima usimuulize zaidi. Nisalimie dada yangu Suhaila, mwambie kati ya zile kanzu mbili imenifikia moja, ya pili imepata mwenyewe njiani. Mama mwambie nakula vizuri.

Nakuandikia kwa ajili ya Staleti yangu. Najua iko hapo Mgogoni kwenye kibanda chako cha ufundi, na Suhaila anapakilia mwani wa kina mama kutoka Kiuyu, kama nilivyomwachia miaka ile nilipokuja Dar kutafuta kazi. Nilisema mwenyewe: gari ikikaa inakufa, bora ifanye kazi. Sasa kazi ile basi, naitaka.

Nje ya Tanga kuna kiwanja cha ndege cha zamani cha shamba la mkonge. Jamaa wanakikodi mara moja moja, kila mtu anakuja na gari yake. Unaingia peke yako, unazunguka kwa kasi yako yote, wanakupimia saa, unatoka anaingia mwenzio. Hapana kombe wala zawadi. Matajiri wanakuja na magari yanayong'aa, lakini wapo na wenye vigari vya zamani walivyovikwangua ndani mpaka vikabaki bati tupu, na hao ndio wanaowatia adabu matajiri. Staleti ina tabo ya kuipa injini pumzi, unaijua wewe. Unakumbuka ilivyokuwa ikitoka Wete kwenda Konde, watu wakitoka majumbani kuitazama. Tukiipunguza uzito, yakhe, hawatuoni.

Leseni yangu hakimu kaichukua na sidhani kama itarudi. Kule kiwanjani hawaulizi leseni. Tena kule hapana mtu anayekatiza njia. Unajua kwa nini nasema hivyo, siendelei.

Anza na kiti cha nyuma, kitoe. Kisha zulia, redio, spika, na ile lami ya kuzuia kelele iliyobandikwa chini. Mie natoka mwakani Julai, Mungu akipenda.

Barua zetu anazisoma Afande Elikana kabla hazijatoka wala kuingia, kwa hiyo usimtukane mtu.

Shemegi yako,
Haitham

*

Mgogoni, Pemba
3 Machi 2024

Haitham,

Waalaykum salaam. Barua yako nimeisoma mara ya kwanza peke yangu, mara ya pili kwa sauti, kwa sababu mama yako hakubali kusimuliwa. Anataka neno kwa neno, na nikikohoa ananiuliza hapo pameandikwa nini.

Na mie nikwambie kwanza lililo moyoni. Mtu kafungwa kwa sababu ya gari, na barua yake ya kwanza ndefu ni ya gari. Tangu ile siku gari ya kazini kwako ilipomgonga yule mama, marehemu Conchesta, hapa kwetu neno gari linatajwa kwa sauti ya chini. Wewe unalitaja kama mtu anayeagiza chai. Lakini nimeona mama yako alivyocheka niliposoma habari ya matajiri kutiwa adabu. Alikuwa hajacheka tangu hukumu. Basi nikachukua spana.

Kiti cha nyuma nimekitoa. Hakijafika kibandani, mama yako kakitaka barazani kwake na hapo kipo. Anasema nyumba nzima haina kiti kingine chenye mgongo. Redio na spika nimetoa. Zulia nalo nimelitoa. Gari imekuwa nyepesi kuliko nilivyotarajia.

Suhaila anakusalimu. Amelia kidogo, lakini wewe usishughulike, unamjua dada yako.

Nassor

*

Gerezani, Dar es Salaam
21 Aprili 2024

Shemegi,

Nyepesi kuliko ulivyotarajia! Hilo neno nimelitembeza humu kutwa nzima. Humu ndani tumekuwa watu wa Staleti. Jamaa wamegawanyika, wengine wanasema tuache kiti cha abiria kwa ajili ya mizani, wengine wanasema kitoke. Mie nasema kitoke. Ninaloingia nalo ni langu, sihitaji mtu pembeni. Toa na vitambaa vya milango, toa feni ya joto (Pemba nani anahitaji joto), toa waipa ya nyuma, toa tairi la akiba na jeki.

Afande Elikana naye kaingia. Jana alinipa barua yako, akasimama, halafu akaniuliza kwa sauti ya kikazi kabisa kama breki nimezifikiria. Mtu wa Kigoma huyo, sijawahi kumwona akicheka, lakini nakwambia aliondoka anafikiria breki.

Kiwanja nimekichora chini kwa ncha ya fagio. Nikifunga macho nakizunguka. Kona ya kwanza, ya pili, halafu ule mnyoofu mrefu, na hapana mtu, shemegi, njia nyeupe mpaka mwisho. Ndiyo mara ya kwanza tangu nije humu nikifunga macho naona kitu kingine.

Ipime uzito. Kule bandarini Wete wana mizani, waombe.

Haitham

*

Mgogoni, Pemba
2 Juni 2024

Haitham,

Injini yako nzima, wallahi, na hilo nakuapia. Nimeiwasha jana kabla ya adhuhuri, tabo ikapuliza, mbuzi wa jirani wakakata kamba. Plagi nimebadilisha, mpira wa maji nimebadilisha, breki za mbele nimezifungua nikazisafisha. Mwambie huyo Afande wako.

Kiti cha abiria kimetoka. Milango imebaki mabati. Mizani ya bandarini sijaenda, usiniulize uzito.

Sasa nikuulize mie. Lazima iwe hii? Ukitoka unaweza kuja hapa kwangu. Kazi ninayo mpaka naikimbia, mikono yako naijua, na fundi haulizwi leseni vilevile. Ungelala kwenu, ungekula kwa mama yako. Mambo ya Tanga yangekuja baadaye na gari nyengine yoyote. Nasema tu, fikiria.

Mama yako anasema ule. Nimemwambia ulishaandika kwamba unakula, akasema niandike hivyo hivyo.

Nassor

*

Gerezani, Dar es Salaam
11 Agosti 2024

Shemegi,

Nimefikiria. Hapana. Gereji iko kando ya barabara, na barabarani watu wanapita. Mie hata humu, tukitolewa kufyeka majani nje ya ukuta, mwanamke akipita na kitu kichwani mikono inaniganda. Wewe usiniweke kando ya barabara.

Turudi kwenye kazi. Kiti cha dereva kile cha zamani hakifai, mtu anayumba kwenye kona. Tafuta kiti kigumu, kifunge chini moja kwa moja. Halafu mikanda. Si ule mmoja wa kupita kifuani, nataka minne: miwili ya mabega, miwili ya kiuno, yote ifungwe kwa bolti kwenye sakafu, ile ya mabega nyuma ya kiti. Ndani uchomelee kizimba cha mabomba kishike paa, gari ikipinduka isinilalie. Mabomba nayo yakae juu ya sakafu, pembe zote nne. Wale jamaa wa Tanga wanakagua, ukienda bila mikanda wanakurudisha.

Nimekuchorea nyuma ya karatasi. Afande kanyoosha mistari kwa rula yake.

Haitham

*

Mgogoni, Pemba
15 Septemba 2024

Haitham,

Mchoro wako nimeukalia mwezi mzima. Leo naandika ambalo mama yako alinikataza. Wewe unatujua, kwetu mtu aliye kwenye dhiki hapelekewi habari mbaya, anaachwa mpaka atoke. Akaniambia, mwache na gari yake. Nami nikakubali, kila barua nikakuandikia lililo kweli na nikaruka lililobaki. Lakini mkanda ni mkanda. Siwezi kukufunga kwenye kitu ambacho hakipo.

Gari yako haina sakafu.

Siku ile nilipovuta zulia, sakafu ilikuja pamoja na zulia. Nikaona mchanga wa kibandani, na kuku wa Suhaila akapita chini pale miguu yako inapokaa. Miaka yote ile magunia ya mwani yanapakiwa mabichi, yanatiririka maji ya chumvi juu ya kiti, yanashuka chini ya zulia, yanalala. Kina mama wakiiosha kila Ijumaa kwa sabuni, nje inang'aa mpaka unajiona uso, na hapana aliyefikiri kunyanyua zulia. Na ile lami ya kuzuia kelele ikafunika maji yasitoke. Nikagonga mihimili ya pembeni kwa nyundo, nyundo ikazama. Pale shokapu za nyuma zinapokamata, natia kidole.

Nimejaribu. Nilitafuta chuma kizima cha kuanzia kuchomelea, nikawa nakata kutu nafuata, nakata nafuata, mpaka nikafika mlangoni. Kuchomelea kunataka chuma upande huu na chuma upande ule. Nyepesi ni nyepesi kwa sababu imeliwa.

Suhaila anasema yeye ndiye aliyekuulia gari. Nimemwambia wewe mwenyewe ndiye uliyesema ipakiwe, na ulisema kwa wema, na wao walipakia kwa shida. Lakini analia kila akiona gunia.

Imekwisha, shemegi. Nisamehe kwa kuchelewa.

Nassor

*

Gerezani, Dar es Salaam
20 Oktoba 2024

Shemegi,

Mwambie Suhaila asilie. Sina neno naye, wala na kina mama, wala na wewe.

Ila haijaisha. Injini nzima umeniapia. Tandika bati juu ya sakafu, lolote, hata la kuezekea. Kiti kikae juu ya bati. Kizimba acha, si lazima. Mikanda acha, si lazima. Kwenye ukaguzi nitaning'iniza yoyote ionekane ipo. Breki za nyuma usijisumbue nazo. Mie sihitaji gari ya kudumu. Ifike Tanga kwa boti, iingie kiwanjani, inipe mzunguko mmoja wa kuipasha moto na ule mnyoofu mara moja. Mwisho wa mnyoofu lipo ghala la mkonge, la mawe, halijabomolewa. Pale itakuwa imeshafika kasi yake yote.

Sijawahi kukusimulia siku ile. Alikuwa na beseni la vitumbua kichwani. Hakukimbia. Alinitazama kama mtu anayengoja nimpishe, kwa sababu alikuwa ameshaingia njiani na haki ilikuwa yake. Mie nilikuwa naangalia simu, bosi alikuwa akiniuliza nimefika wapi. Hakimu alinipa miaka mitatu. Mumewe alikuwepo mahakamani siku ya hukumu, aliniangalia viatu. Miaka mitatu ni midogo, shemegi. Kila mtu humu anahesabu itakwisha lini, mie nahesabu kwa hofu.

Fanya hilo la bati tu. Sikuombi jengine.

Afande kasoma juu juu, kasema kumbe bado napunguza uzito.

Haitham

*

Mgogoni, Pemba
10 Novemba 2024

Haitham,

Barua yako hii ya Oktoba sikumsomea mama yako. Alikaa kwenye kiti chake cha nyuma, kanga kaikunja magotini, akangoja. Nikamwambia imelowa njiani haisomeki. Sijui kama aliamini. Aliniambia nikaianike.

Nimekuelewa. Mie si msomi lakini gari nazijua, na najua gari inayotakiwa kurudi na gari isiyotakiwa kurudi. Hutaki kushindana na saa. Unataka kufika kwenye lile ghala. Na umenichagua mie nikutengenezee.

Nimeikata.

Nilianza baada ya alasiri kwa grenda. Nilikata nguzo za paa, paa likashuka lenyewe. Nikakata boneti, milango, uso wote wa mbele. Kilichobaki nyuma sikuhitaji grenda, nilivunja kwa mkono. Mama yako alikuja na chai, akaiweka juu ya tofali, akasimama mpaka cheche zikamfikia kanga. Hakuuliza. Suhaila aliuliza, nikawasha grenda tena juu ya sauti yake, ndiyo mara ya kwanza katika ndoa yetu. Injini nimeiondoa hapa. Iko kwa mtu, sikwambii nani wala kisiwa gani, na wewe usimuulize yeyote.

Usinisamehe, sitaki msamaha wako. Nataka uwe hai unichukie, tutaonana kwenye chuki hiyo, tutaizoea.

Na sasa naandika kwa mwengine. Afande Elikana, najua unasoma. Ile barua yake ya Oktoba haikuwa ya kupunguza uzito. Nimeirudisha humu pamoja na hii, isome tena pale penye ghala, kisha nakuomba umtazame kijana wetu. Anaye mama.

Nassor

*

Ofisini, Dar es Salaam
2 Desemba 2024

Ndugu Nassor,

Si utaratibu wetu kuwaandikia jamaa wa wafungwa, lakini naandika.

Niliisoma tena. Niliipitisha kwa mkono wangu na kwenye mchoro wa mikanda nilinyoosha mistari kwa rula. Nilikuwa nafurahia gari lile kuliko nilivyokuwa namwangalia mwenye gari.

Nimemhamishia chumba kilicho karibu na zamu. Daktari amemwona, na mchungaji alikuja, kisha nikamtafutia na shehe. Barua yako alikataa kuipokea, nikamsomea mwenyewe nikiwa nimesimama mlangoni. Nilipofika kwenye "nimeikata" aliziba masikio, nikasubiri, nikamalizia. Toka siku hiyo hasemi na mtu. Anakula kidogo.

Sina habari nyingine nzuri ya kukupa. Yupo.

Elikana

*

Mgogoni, Pemba
18 Mei 2025

Haitham,

Hii ni ya tano bila jibu. Sijali, nitaandika.

Hapa hapana jipya. Mwani umeoza mwaka huu, kina mama wanavuna magugu. Mlango wa kushoto wa Staleti nimezibia banda la mbuzi, na kioo bado kinashuka, mbuzi wanachungulia. Suhaila alicheka juzi alipowaona, halafu akaingia ndani.

Mama yako anajua. Hakuna aliyemwambia. Siku moja aliniuliza kama gari ile ingekupeleka kubaya, nikainama kuokota spana, akasema basi, tusiseme tena. Lakini kile kiti cha nyuma nataka nikueleze, kwa sababu nakiona kila siku nikienda kazini. Ni kiti cha watu watatu, na yeye ni mwembamba. Anakaa pembeni kabisa, amebanwa na ukuta. Nimemwambia akae katikati, apumzike mgongo. Hataki. Upande wa pili haweki hata kikapu.

Julai tutakwenda bandarini.

Nassor

*

Tanga
24 Agosti 2025

Shemegi,

Barua zako zote tano nilizisoma mwishowe. Najua mlikwenda bandarini. Najua Suhaila alivaa nguo mpya na mama alipika. Nisingeweza kushuka kwenye boti ile.

Nilitoka nikaja huku Tanga, nabeba mizigo sokoni, nalala penye nafasi. Nilikuwa nangoja siku yao. Ilikuwa jana. Nilitembea mpaka kiwanjani, nikasimama pembeni kwenye majani, pale mnyoofu unapoanza kuisha. Ghala lipo. Wewe ulikata gari ukafikiri umemaliza, lakini mtu hana haja ya gari. Miguu inatosha. Nilisema, aliyekatiza njia alikufa, basi na mie nitakatiza.

Ikaja gari ndogo ya zamani, imekwanguliwa kama tulivyotaka kuikwangua yetu, inapiga kelele kama bati la mvua. Nikaingiza mguu njiani. Ikanijia, na ndani nikamwona anayeendesha: bwana mmoja wa makamo, mwenye miwani, kajifunga mikanda yote minne, kafungua mdomo kwa furaha.

Nikaiona kesho ya bwana yule. Nikamwona kizimbani, mtu anamwangalia viatu. Nikaona namgeuza awe mie.

Nikarudisha mguu. Hata hakuniona. Alipita, vumbi likanijaa machoni, nikakaa kwenye majani mpaka wote wakamaliza wakafunga milango ya magari yao wakaenda.

Usifikiri nimepona. Sijapona, na sijui kama hili lina kupona. Conchesta yuko pale pale. Wewe pia sijakusamehe, ile gari ilikuwa yangu. Sina ninachokitaka, si gari, si kazi, si kuonekana na watu wa Mgogoni. Shida yangu ni moja tu, jioni inafika na sijui pa kukaa.

Boti ya Wete inaondoka wiki hii. Msije bandarini, nitatembea mwenyewe, nitapita njia ya mashambani.

Mwambie mama asisogee. Upande ule ule unanitosha.

Haitham